Kisleu: Neno la Mungu Wakati wa Baridi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yer. 36:9–32, Hagai 2:10–19, Zek. 7:1–14, Zek. 8:19, Ezra 10:9–17, Neh. 1:1–11, Neh. 2:1, Yohana 10:22–39.

Fungu la Kukariri: Hagai 2:19. (Likariri neno kwa neno kama lilivyo katika Biblia yako, ukiitafakari hasa ahadi iliyo mwishoni mwa fungu.)

Kisleu ni mwezi wa tisa katika kalenda ya Waebrania, ukihesabu kuanzia Nisani, mwezi wa Pasaka. Katika kalenda tunayoitumia leo mwezi huo huangukia kati ya Novemba na Desemba. Kwa hiyo msomaji akikuta "mwezi wa kenda" katika Biblia asidhani kwamba ni Septemba. Kisleu una siku 29 au 30, maana miezi ya Waebrania hufuata mwandamo wa mwezi. Jina lenyewe lilitoka Babeli, na walimu wa Kiyahudi wa zamani walikiri kwamba majina ya miezi yalipanda Yerusalemu pamoja na watu waliorudi kutoka uhamishoni.

Katika Yudea, Kisleu ni mwezi wa baridi na mvua. Mkulima anapanda ngano na shayiri katika ardhi iliyolainishwa na mvua za kwanza. Mvua ikikosekana, hofu huingia kila nyumba. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika yapata mwaka 200 B.K., inaeleza kwamba ikifika siku ya kwanza ya Kisleu na mvua haijanyesha, baraza liliwatangazia watu wote mfungo wa siku tatu.

Torati haikuweka sikukuu yoyote katika mwezi huu (Law. 23). Hata hivyo, mara kadhaa Biblia inautaja mwezi wa tisa au majira yake ya baridi, na kila mara neno la Mungu linawakuta watu katika hali tofauti. Mmoja anaota moto, wengine wanatetemeka mvuani, wengine wana swali kuhusu mapokeo yao. Juma hili tutaangalia jinsi kila mmoja wao alivyolipokea neno hilo.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Mfalme Kando ya Moto

Ilikuwa Kisleu ya mwaka wa tano wa Yehoyakimu, yaani mwishoni mwa mwaka 604 K.K. Watu wote wa Yerusalemu, na wale waliotoka miji ya Yuda, walikuwa wametangaziwa mfungo mbele za Bwana.

Soma Yeremia 36:9–26. Watu mbalimbali waliolisikia gombo likisomwa walifanya nini?

Biblia haisemi sababu ya mfungo huo. Lakini kumbukumbu za Babeli zilizoandikwa juu ya bamba la udongo, ambalo leo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, zinasema kwamba katika mwezi uo huo wa Kisleu, mwaka wa kwanza wa utawala wake, Nebukadreza aliuteka mji wa Ashkeloni. Ashkeloni ulikuwa mji wa Wafilisti, safari ya siku chache tu kutoka Yerusalemu. Hatari haikuwa mbali.

Siku hiyo Baruku alilisoma gombo la Yeremia hekaluni, katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Mikaya, mwana wa Gemaria, akasikia, akashuka kuwaambia wakuu. Wakuu wakaogopa, wakamshauri Baruku ajifiche pamoja na Yeremia. Kisha gombo likasomwa mbele ya mfalme, aliyekuwa ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, jiko la makaa likiwaka mbele yake. Kila Yehudi aliposoma kurasa tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea.

Fungu la 24 linaeleza kwamba mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Maneno hayo yanatukumbusha baba yake, Yosia. Miaka kama kumi na minane hivi kabla ya hapo, Shafani, babu yake Mikaya, alimsomea Yosia kitabu cha torati, na Yosia akayararua mavazi yake (2 Fal. 22:10, 11). Baba aliyararua mavazi, mwana akalikata gombo. Watu wakuu watatu, Elnathani, Delaya na Gemaria, walimsihi mfalme asilichome. Hakuwasikiliza.

Taifa lilikuwa katika mfungo, na mfalme alikuwa mfalme wa taifa hilo. Mapokeo ya nje yalikuwepo. Moyo wa kusikia haukuwepo. Tena moto haukuliondoa neno. Yeremia alilitamka upya, Baruku akaliandika katika gombo jingine, na maneno mengi ya namna hiyo yakaongezwa (Yer. 36:32).

Yehoyakimu alilikata neno la Mungu vipande vipande kadiri lilivyosomwa. Ni sehemu gani ya Maandiko ambayo wewe huiruka kwa sababu inakugusa?

JUMATATU

Kuanzia Siku Hii

Soma Hagai 2:10–19. Hagai aliwauliza makuhani maswali gani mawili, na majibu yao yaliwahusu watu kwa namna gani?

Hagai anaitaja tarehe kamili: siku ya 24 ya mwezi wa tisa, mwaka wa pili wa Dario, yaani Desemba ya mwaka 520 K.K. Waliorudi kutoka Babeli walikuwa wameuweka msingi wa hekalu miaka mingi nyuma, kisha kazi ikasimama kwa sababu ya upinzani na kwa sababu kila mtu alijishughulisha na nyumba yake mwenyewe (Hagai 1:9). Miezi mitatu kamili kabla ya siku hii, katika siku ya 24 ya mwezi wa sita, walikuwa wameanza kazi tena (Hagai 1:14, 15).

Swali la kwanza: mtu akichukua nyama takatifu katika upindo wa vazi lake, na upindo huo ukagusa mkate au divai, je, chakula hicho kitakuwa kitakatifu? Makuhani wakajibu, hapana. Swali la pili: mtu aliye najisi kwa kugusa maiti akikigusa chakula hicho, je, kitakuwa najisi? Wakajibu, ndiyo.

Fundisho ni zito. Utakatifu hauambukizwi kwa kugusana na vitu vitakatifu, bali unajisi huambukizwa. Watu hawakufanywa watakatifu kwa sababu tu walikuwa wakibeba mawe ya hekalu. Vivyo hivyo, mtu hatakaswi kwa kuketi kanisani kila Sabato, kuzaliwa katika nyumba ya Waadventista, au kushika wadhifa kanisani. Anahitaji kumrudia Bwana mwenyewe.

Kisha Hagai anawaambia watazame nyuma. Mtu alipoiendea chungu ya vipimo ishirini alikuta kumi. Alipoliendea shinikizo kuteka vipimo hamsini alikuta ishirini (Hagai 2:16). Na sasa, katika Kisleu, hakukuwa na dalili yoyote ya badiliko. Mzabibu, mtini, mkomamanga na mzeituni haikuwa imezaa. Katika hali hiyo Mungu alisema kwamba kuanzia siku hiyo atawabariki.

Tuone mpangilio wa mambo. Baraka haikutangazwa wakati wa mavuno, ambapo kila mtu angeweza kuiona kwa macho. Ilitangazwa ghala zikiwa hazina kitu cha kuonyesha, ili watu waendelee kujenga kwa imani. Wakaendelea, na hekalu likamalizika katika mwezi wa Adari, mwaka wa sita wa Dario (Ezra 6:15).

Ni ahadi gani ya Mungu unayoishikilia sasa ilhali hujaona hata chipukizi la kutimizwa kwake? Ni nini kinachokusaidia usiache kazi?

JUMANNE

Je, Tuendelee Kufunga?

Soma Zekaria 7:1–14. Watu wa Betheli walikuja na swali gani? Kwa nini Mungu hakuwajibu moja kwa moja kwa "ndiyo" au "hapana"?

Miaka miwili ilipita. Katika siku ya nne ya Kisleu, mwaka wa nne wa Dario (518 K.K.), wajumbe walifika Yerusalemu kuwauliza makuhani na manabii. Kwa miaka sabini hivi Wayahudi walikuwa wamefunga na kulia katika mwezi wa tano, kwa sababu katika mwezi huo hekalu la Sulemani lilichomwa (2 Fal. 25:8, 9). Sasa hekalu lilikuwa linajengwa tena. Je, waendelee kuomboleza kwa ajili ya nyumba inayosimama mbele ya macho yao?

Lilikuwa swali la haki. Kila kanisa lenye historia hufika mahali pa kuuliza ni desturi ipi idumu na ipi imetimiza kazi yake. Lakini Mungu aligusa jambo lililo chini ya swali hilo. Aliwauliza kama kweli walifunga kwa ajili yake. Na walipokula na kunywa, je, hawakula na kunywa kwa ajili ya nafsi zao?

Kisha anawakumbusha yale ambayo manabii wa kwanza walikuwa wamewaambia baba zao: wahukumu kwa haki, waoneane rehema na huruma, wasimdhulumu mjane, yatima, mgeni wala maskini, wala mtu asimwazie ndugu yake mabaya moyoni (Zek. 7:9, 10). Baba zao walikuwa na siku za kufunga. Yerusalemu ilifunga hata katika siku za Yehoyakimu. Lakini waliyaziba masikio yao, na nchi ikawa ukiwa.

Jibu la swali lenyewe linakuja katika Zekaria 8:19. Mifungo ya mwezi wa nne, wa tano, wa saba na wa kumi itageuka kuwa furaha na sikukuu za kushangilia. Basi waipende kweli na amani. Mungu hakudharau machozi yao. Aliahidi kuyageuza, na katika ahadi iyo hiyo akawaita waishi kwa kweli na amani kati ya mtu na mwenzake.

Fikiria mfungo au juma la maombi ulilohudhuria hivi karibuni. Kama mjane au mgeni anayeishi karibu nawe angeulizwa, je, angesema mfungo huo ulibadili jinsi unavyomtendea?

JUMATANO

Watu Mvuani, Mtu Kasrini

Soma Ezra 10:9–17. Kwa nini watu walitetemeka?

Yapata miaka sitini baada ya Zekaria, Ezra alifika Yerusalemu, katika mwaka 457 K.K. Siku ya 20 ya mwezi wa tisa, wanaume wa Yuda na Benyamini waliketi katika uwanja ulio mbele ya nyumba ya Mungu. Walitetemeka kwa ajili ya jambo lile, na pia kwa ajili ya mvua kubwa. Biblia inazitaja sababu zote mbili bila kuificha hata moja. Mahali si mbali na pale ambapo mfalme mmoja aliota moto na kulichoma neno, watu hawa waliketi wakiwa wamelowa, wakakiri kosa lao.

Jambo lenyewe lilikuwa gumu: ndoa na wanawake wa mataifa, ambazo zilikuwa zinalirudisha taifa katika ibada ya sanamu iliyowapeleka uhamishoni. Watu hawakuamua yote katika siku moja ya mvua. Waliomba kila shauri lisikilizwe pamoja na wazee na waamuzi wa kila mji, na kazi hiyo ilichukua miezi mitatu (Ezra 10:14, 16, 17). Habari hii isitumiwe leo kama ruhusa ya kumwacha mwenzi asiyeamini. Paulo anafundisha wazi kwamba ikiwa mwenzi huyo anakubali kukaa, aliyeamini asimwache (1 Kor. 7:12–14). Tunachojifunza kwa Ezra ni toba inayokubali kugharimika.

Soma Nehemia 1:1–11. Nehemia alifanya nini aliposikia habari za Yerusalemu?

Miaka kama kumi na miwili baadaye, katika Kisleu nyingine, Nehemia alikuwa Shushani ngomeni, mnyweshaji wa mfalme. Hakukosa chakula wala mahali pa kulala. Hanani alipomweleza kwamba ukuta umebomoka na malango yameteketezwa, alikaa chini akalia, akafunga na kuomba. Alijihesabu pamoja na waliotenda dhambi, yeye na nyumba ya baba yake. Aliendelea kuomba hadi Nisani, miezi minne hivi, ndipo mfalme alipomwuliza sababu ya huzuni yake (Neh. 2:1, 2).

Zingatia jambo moja katika tarehe hizi. Kisleu ya Nehemia 1:1 na Nisani ya Nehemia 2:1, iliyofuata, zote ziko katika mwaka wa 20 wa Artashasta. Ikiwa mwaka ungebadilika katika Nisani, Nisani hiyo ingekuwa mwaka wa 21. Hii inaonyesha kwamba Nehemia aliihesabu miaka ya mfalme kuanzia majira ya vuli, katika Tishri. Hesabu hiyo inasaidia kuuweka mwaka wa saba wa Artashasta, wa safari ya Ezra, katika 457 K.K., mwanzo wa majuma sabini ya Danieli 9:25.

Nehemia aliguswa na uchungu uliokuwa mbali na meza yake. Ni habari gani uliyoisikia juma hili ambayo inastahili maombi yako kuliko mazungumzo yako?

ALHAMISI

Yesu Katika Ukumbi wa Sulemani

Soma Yohana 10:22–39. Sikukuu gani inatajwa, na Yesu alisema nini juu yake mwenyewe wakati wa sikukuu hiyo?

Sikukuu ya Kutabaruku, ambayo Wayahudi huiita Hanuka, huanza siku ya 25 ya Kisleu na huendelea kwa siku nane. Haikuagizwa na Musa. Katika mwaka 167 K.K. mfalme Antioko Epifane aliitia unajisi madhabahu ya Yerusalemu na kukataza ibada ya Mungu. Katika mwaka 164 K.K. Yuda Makabayo na wenzake waliitakasa nyumba ya Mungu, wakajenga madhabahu mpya, na watu wakaazimia kuikumbuka siku hiyo kila mwaka.

Desturi ya taa ndiyo inayojulikana zaidi. Shule mbili za walimu wa Kiyahudi zilitofautiana: wafuasi wa Shamai waliwasha taa nane usiku wa kwanza na kupunguza moja kila usiku; wafuasi wa Hileli walianza na moja na kuongeza. Desturi ya Hileli ndiyo iliyodumu hata leo. Simulizi la mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane limo katika Talmudi, iliyokusanywa karne nyingi baadaye. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, kilicho karibu zaidi na matukio hayo, hakilitaji.

Lakini kitabu hicho kinataja jambo jingine. Mawe ya madhabahu iliyonajisiwa hayakutupwa ovyo. Yaliwekwa kando mpaka atakapokuja nabii wa kueleza yafanywe nini.

Karibu miaka mia mbili baadaye, katika baridi ya sikukuu hiyo, Yesu alikuwa akitembea katika ukumbi wa Sulemani. Watu wakamzunguka, wakamtaka awaambie waziwazi kama yeye ndiye Kristo. Akawaambia kwamba kondoo wake huisikia sauti yake, na hakuna atakayewapokonya mkononi mwake. Tena akasema kwamba Baba ndiye aliyemtakasa na kumtuma ulimwenguni (Yohana 10:36). Walikuwa wakisherehekea kutakaswa kwa madhabahu, na mbele yao alisimama Yeye ambaye madhabahu ilimwonyesha. Jibu lao lilikuwa kuokota mawe.

Yesu hakuikemea sikukuu. Wala hakuwaambia wanafunzi wake waiadhimishe. Alikuwepo, akaitumia nafasi hiyo kujitambulisha. Watu walishika ukumbusho wa wokovu wa zamani, wakamkataa Mwokozi aliyekuwa akitembea kati yao. Lakini wengi waliokuwa ng'ambo ya Yordani walimwamini (Yohana 10:40–42).

Mtu anawezaje kujua kama desturi anayoipenda inamkaribisha kwa Kristo au imechukua nafasi ya Kristo?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma tena Yeremia 36 na Nehemia 1 kwa mfululizo. Ukiwa na vitabu vya Ellen G. White, soma habari za Nehemia katika *Manabii na Wafalme*, na habari za Mchungaji Mwema katika *Tumaini la Vizazi Vyote*.

Wako wafafanuzi wanaodai kwamba Antioko Epifane ndiye utimizo wa pembe ndogo ya Danieli 8, na kwamba kutakaswa kwa hekalu katika Kisleu 164 K.K. ndiko kutakaswa kwa patakatifu katika Danieli 8:14. Lakini Gabrieli alisema maono hayo ni ya wakati wa mwisho (Dan. 8:17). Naye Yesu, karibu miaka mia mbili baada ya Antioko, alilitaja chukizo la uharibifu lililonenwa na Danieli kuwa jambo ambalo wanafunzi wake walikuwa bado hawajaliona (Mt. 24:15). Tukio la Wamakabayo lilikuwa la kweli na lenye kukumbukwa, lakini halikuumaliza unabii.

Katika Kisleu zote za juma hili, mazingira mazuri hayakumsaidia Yehoyakimu, wala mvua haikuwazuia watu wa Ezra. Ghala tupu hazikuizuia ahadi ya Mungu kupitia Hagai. Neno lilikuja kwa wote. Tofauti ilikuwa katika kulipokea.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisheni Yosia na Yehoyakimu. Mtoto aliyelelewa na baba mcha Mungu anawezaje kufikia kulichoma neno? Kanisa lenu linaweza kufanya nini kwa vijana waliozaliwa ndani yake?

2. Wakuu watatu walimsihi mfalme bila kufanikiwa. Je, kusihi kwao kulikuwa bure? Elezeni.

3. Kila Desemba swali la sikukuu huzuka katika makanisa mengi. Zekaria 7 na Yohana 10 vinaweza kusaidiaje ndugu wenye maoni tofauti wazungumze bila kuvunjiana heshima?

4. Mshiriki mmoja anasema, "Nitaanza kutoa zaka mavuno yangu yatakapokuwa mazuri." Mkitumia Hagai 2:15–19, mngemsaidiaje kwa upole?